Mjambere: Chuo kikihama, wimbo hubaki na nani?

UKITAKA kuijua Mjambere, msomaji, usiende siku ya kazi. Nenda Jumapili asubuhi, mwendo wa saa tatu, kabla jua halijawa kali. Panda matatu ya Kisauni kutoka mjini Mombasa, vuka daraja la Nyali, pita Kengeleni, kisha uandame barabara ya Kisauni yenye maduka, mafundi wa cherehani na akina mama wanaoepua mahamri karaini. Ukishashuka, usiulize njia mara moja. Simama kwanza usikilize.

Upande mmoja utasikia kwaya ya kanisa ikijinoa sauti. Upande wa pili, nyuma ya ua wa mabati, watoto wa madrasa wanaitikia kasida kwa pamoja, na ustadhi akiwakatiza kila wanapokosea. Katikati kuna redio ya kinyozi, lakini hiyo haiwezi kushindana na hao wawili.

Mjambere ni moja kati ya wadi saba za eneo bunge la Kisauni. Haina ngome ya kuwavuta watalii, wala hoteli ya ufuoni. Ina nyumba zilizobanana, misikiti, makanisa, visima, na miembe michache iliyosalimika na ujenzi. Lakini kwa mtu mwenye masikio ina hazina yake, nayo ni nyimbo za vyuo. Leo nataka nikupeleke ukazisikie, kisha nikuonyeshe jinsi zinavyopotea huku zikiimbwa.

Neno moja, maana mbili

Pengine wewe ni mwanafunzi, na ukisikia neno chuo unawaza Makerere, Nairobi, au chuo cha ualimu cha Shanzu, ambacho hakiko mbali na hapa. Mzee wa Kimvita akilisikia neno hilo hilo, kwanza humjia mkeka, ubao na mwalimu mwenye ufito, yaani pale mtoto alipopelekwa kuanza alifu. Na ukimsukuma kidogo atakwambia kuwa zamani chuo kilikuwa pia ni kitabu.

Hakudanganyi. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, inalipa neno chuo maana ya kitabu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Watu wa pwani walilipeleka neno hili hata kwenye ndoa, ndiyo maana mpaka leo utasikia kuwa fulani ameolewa chuo cha pili. Naam, kitabu na mahali pa kukisomea vilikuwa kitu kimoja. Huwezi kuwa na chuo bila chuo.

Lishike jambo hili, kwa maana ndilo litakalotuongoza. Wimbo wa chuo una makao mawili: unaishi katika vinywa vya wanafunzi, na unaishi katika kitabu. Ukiuondoa upande mmoja, ule wa pili hauchukui muda kulegea.

Sikiliza ushahidi ulio mbele yako. Maulidi ya Barzanji yalitungwa Madina katika karne ya 18. Watoto wa Mjambere wanayasoma leo bila kupunguza neno, ingawa Madina iko mbali na mtungaji alifariki zamani. Kadhalika kule Lamu, katika msikiti na chuo cha Riyadha kilichoasisiwa na Habib Swaleh, husomwa Simtud Durar, maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Kwa nini hayajapotea? Kwa sababu yako kitabuni, na kila mwaka, ukifika mwezi wa Mfungo Sita, kitabu hufunuliwa.

Lakini kila chuo kina nyimbo nyingine ambazo hazikutoka Madina wala Seiyun. Ni zile zilizotungwa na mwalimu wa hapo hapo: wimbo wa kumpokea mgeni, wa kuwaaga waliohitimu, wa kukisifu chuo chenyewe. Hizo hazikuchapishwa popote. Ziko ndani ya daftari la mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ameshazeeka.

Daftari ndani ya leso

Jirani mmoja alinipeleka kwa nyanya mmoja, mjane wa mwalimu wa chuo. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukakaa mkekani. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watu wa nyumbani, nilieleza haja yangu. Nyanya aliinuka akafungua sanduku, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso. Harufu ya udi na karafuu ilijaa chumbani, kwani hivyo ndivyo anavyokilinda kitu hicho dhidi ya wadudu.

Lilikuwa daftari la jalada gumu, la aina ile wenye maduka waliyokuwa wakiandikia deni. Ndani yake marehemu mumewe alikuwa ameandika kasida za chuo chake, kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Wino umefifia na kurasa kadhaa zimeanza kuliwa pembeni. Unyevu wa Mombasa, msomaji, haumhurumii mtu wala karatasi.

Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na miwili, alikuwepo. Anasoma katika chuo kile kile alichofundisha babu yake, ingawa sasa kina jengo jipya mtaa mwingine. Nyanya akamwambia aniimbie kasida ya chuo. Kijana akasimama, akafunga mikono, akaimba vizuri sana. Nyanya alikuwa akifuatisha kwa kichwa. Mara kichwa kikasita.

“Umeruka,” akasema.

“Sikuruka, Nyanya. Ndivyo tulivyofundishwa.”

“Mimi nakwambia umeruka. Baada ya ubeti wa tatu hauji huo.”

Tulilifungua daftari. Kweli, kati ya ubeti wa tatu na ule alioufuatisha kijana kulikuwa na beti mbili nzima. Zilitoka vipi? Nyanya alieleza bila hasira. Madrasa zilipoanza kushindana kwa kasida, kila moja ilipangiwa dakika zake. Kasida ndefu ikawa ni hasara. Mwalimu aliyekuwapo wakati huo akapunguza beti mbili ambazo hazikuwa na sifa za Mtume wala dua, bali zilitaja watu tu. Watoto waliojifunza kasida fupi wakakua, wakawa walimu, wakaifundisha fupi. Leo hakuna hata mmoja wao anayejua kuwa kuna kitu kimepungua.

Na watu waliotajwa ni akina nani? Ni mtu aliyetoa kiwanja, waliochimba kisima cha kutawadhia, na mwanamke mmoja aliyeuza vipuli vyake vya masikioni ili chuo kiezekwe mabati badala ya makuti. Mwanamke huyo alikuwa mama yake Nyanya. Alinitaka nisilitaje jina lake gazetini, nami nimetii.

Hebu lifikirie jambo hilo, msomaji. Kijana yule amekuwa akisimama mbele ya watu miaka mitatu, akiuimba wimbo unaomtaja mzaa nyanya yake, na ubeti wenyewe haumo.

Kengele iliyosalia

Kabla hujamlaumu mwalimu aliyezikata beti hizo, turudi nyuma hadi Kengeleni ulikopita asubuhi. Pale pana kengele ya Frere Town. Mtaa huo ulianzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa CMS uwe makao ya watumwa waliokombolewa, ukapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kuhusu mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Kengele iligongwa kuwaonya wakazi hatari inapokaribia. Jina la Kengeleni limetoka hapo.

Frere Town ilikuwa na chuo pia, chuo cha kuwafundisha wahubiri. Mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru, bara, kwenye baridi na mashamba ya majani chai. Mwaka 1955 Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri wakakiendesha kwa pamoja, na mwaka 2007 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu. Ndicho Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wanafunzi wangapi wanaopita Kengeleni kila siku wanajua kuwa chuo kikuu cha Limuru kilianzia hapa?

Tazama na ng'ambo ya pili, kisiwani, upande wa Tudor. Kulikuwa na chuo cha ufundi cha Waislamu kilichojulikana kama MIOME, kilichopokea wanafunzi tangu mwaka 1951. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo kimoja, majina matano.

Sasa jiulize: chuo kikibadili jina, wimbo uliotaja jina la zamani huenda wapi? Chuo kikihama, wimbo uliotaja bahari na minazi huimbwa na nani kwenye baridi? Mijengo huachwa ikaonekana, na kengele ya chuma hubaki pale pale hata usipoigonga. Wimbo hauna uzito huo. Wimbo usipoandikwa huondoka na waliouimba, kimya kimya, wala hakuna anayeuandikia tanzia.

Wenzetu walifanyaje

Jambo hili si la Mjambere peke yake. Wanafunzi wa kila nchi huimba, na kila baada ya miaka michache huondoka wote wakaja wengine. Waliotambua hatari hiyo mapema walitengeneza vitabu. Mwaka 1853 wanafunzi wa Yale, Marekani, walichapisha kitabu cha nyimbo za chuo chao. Wanafunzi wa Ujerumani nao wana kitabu kinene cha nyimbo kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1858 mjini Lahr, nacho kimechapishwa tena na tena.

Kitabu hicho cha Wajerumani kina kichekesho chake. Nakala nyingi zilipigiliwa misumari yenye vichwa vinene kwenye jalada, ili kitabu kiinuke kidogo juu ya meza kisiloweshwe na bia iliyomwagika. Sisi huku labda misumari hiyo ingetukinga na chai ya maziwa. Lakini ondoa kicheko ulione somo: watu wale walijua wazi kitu gani kitakiharibu kitabu chao, wakakitafutia kinga. Ndivyo afanyavyo Nyanya kwa karafuu na udi.

Wala usidhani kuwa nyimbo za wanafunzi ni mchezo tu usiostahili kitabu. Mwaka 1879 Chuo Kikuu cha Breslau kilimtunuku mtungaji muziki Johannes Brahms shahada ya heshima. Kwa kushukuru, mwaka 1880 akatunga muziki wa okestra, na ndani yake akaingiza nyimbo nne za wanafunzi, mmoja ukiwa Gaudeamus igitur unaojulikana vyuoni kote Ulaya. Mtu mkubwa kama yule hakuona haya kuokota kwa wanafunzi.

Mwalimu wa Mombasa na kalamu yake

Lakini kwa nini twende Ulaya kutafuta mfano, ilhali Mombasa tunao wetu? Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mvita, alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu. Waliomsikia walipoanza kufa, mwalimu mmoja wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyakusanya yale aliyoyakumbuka na aliyoyasikia, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Alishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, aliyefika pwani hii mwaka 1880. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi hizo zikafika London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz naye akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, kikachapishwa Nairobi.

Hesabu mwenyewe: tangu kufa kwa Muyaka hadi kuchapishwa kwa diwani ni kama miaka mia moja. Katika miaka hiyo yote, kilichoyashikilia mashairi ni kumbukumbu ya mwalimu mmoja na kalamu yake. Angalisema “nitaandika kesho”, leo tungekuwa na jina la Muyaka na beti chache za kubahatisha.

Kuandika kwa hati ile, hata hivyo, kuna fumbo lake. Herufi za Kiarabu hazikuwa na alama ya kila sauti ya Kiswahili. Waandishi wa zamani walitumia herufi ya “b” kwa “p” na hata kwa “mb”, na irabu ya “i” ikabeba pia “e”. Ndiyo kusema neno bibi na neno pembe yaliweza kuandikwa sawasawa. Msomaji alitarajiwa kuujua wimbo tangu hapo, na kitabu kikawa cha kumkumbusha tu. Kitabu bila kinywa ni bubu, na kinywa bila kitabu ni msahaulifu.

Saa mbili kwa beti mbili

Hilo nililiona kwa macho yangu mkekani kwa Nyanya. Macho yake yana mtoto wa jicho, hawezi tena kusoma mwandiko wa mumewe. Mjukuu anasoma Kurani vizuri, herufi zote anazijua, lakini alipojaribu kuyasoma maandishi ya babu yake akayapata maneno yasiyo na maana. Hapo wakaanza kazi ya pamoja. Kijana anatamka herufi kama zilivyo. Nyanya anafumba macho, anatikisa kichwa, kisha anasema, “Siyo hivyo, mwanangu,” na kulitoa neno lenyewe. Kijana analiandika kwa herufi za kizungu katika daftari lake la shule.

Palikuwa na neno moja lililowashinda. Walijaribu hivi, wakajaribu vile. Nyanya akaacha kulitafuta, akaanza kuimba ubeti kutoka mwanzo, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa msichana chuo kilipoezekwa. Alipofika pale pagumu, neno likatoka lenyewe. Sauti ililijua mahali ambapo akili ilikuwa imelisahau. Kijana akaruka kwa furaha, akaliandika upesi kana kwamba lingetoroka.

Beti mbili zilichukua karibu saa mbili. Kisha Nyanya akaimba kasida yote, mjukuu akaitikia, na jirani yangu akaichukua kwa simu yake ya mkononi. Alasiri tulimpelekea ustadhi wa chuo. Aliusoma ukurasa mara mbili, akasema kwenye mashindano muda ni ule ule, hawezi kuurefusha. Lakini siku ya kuwaaga wanaohitimu chuo hakihesabiwi dakika na mtu, na siku hiyo kasida itaimbwa kamili.

Nawe je?

Msomaji, huenda hukai Mjambere wala hukusoma madrasa. Haidhuru. Shule yako ilikuwa na wimbo wake. Kwaya ya kanisa lenu ina nyimbo zisizomo katika kitabu chochote cha tenzi. Waliosomea ualimu, uuguzi au ufundi walikuwa na nyimbo za kupokea wageni na za kuagana. Jaribu leo kuuimba mmoja wao mpaka mwisho. Ubeti wa kwanza utakuja mbio. Wa pili utachechemea. Wa tatu utaanza kupiga mluzi.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Nunua daftari la jalada gumu. Andika maneno yote, hata yale yanayoonekana hayana maana. Andika ni nani aliyeutunga wimbo, mwaka gani, na uliimbwa wakati gani. Kama beti zilikatwa, ziandike pia na useme zilikatwa kwa nini. Sauti irekodi kwa simu, lakini usiitegemee simu peke yake, kwani simu huibwa, huanguka majini, na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Nakala ya pili mpe mtu anayeishi nyumba nyingine. Na kazi hii wape watoto waifanye wakiwa wameketi na wazee wao, maana mtoto ana macho na mzee ana sauti.

Usingoje sherehe ya miaka hamsini ya chuo. Wazee hawangojei sherehe.

Jioni, matatu yangu ilipopita Kengeleni kurudi mjini, niliitazama ile kengele nikamkumbuka kijana wa Mjambere. Tulipokuwa tukiaga, Nyanya alilifunga daftari la mumewe ndani ya leso yake na kulirudisha sandukuni. Daftari la shule la mjukuu wake alilishika mkononi kwa muda, akaligeuzageuza, kisha akalifungua tena sanduku akaliweka humo humo, juu ya lile la kwanza. Kijana akalalamika kuwa kesho analihitaji kwa hesabu.

“Utanunuliwa jingine,” Nyanya akamjibu. “Hili limeshakuwa chuo.”